Bega la mama na mpunga wa msimu



Kijana mmoja wa Ifakara ametuletea suala lake. Mama yake mwenye umri wa miaka 68 hawezi tena kuinua mkono wa kulia wakati wa takbira wala kujifunga ushungi bila kusaidiwa, na usiku maumivu humwamsha. Hali hiyo ilimjia polepole katika misimu miwili, hadi akaambiwa kuwa kano ya bega imechanika. Wanawe wanataka kuuza mpunga wote ili akapasuliwe Dar es Salaam, naye mama hataki. Nani yuko sahihi?

Kano nne hutoka kwenye misuli ya kombe la bega na kukifunika kichwa cha mfupa wa mkono. Huchakaa kwa miaka kama kamba ya kisima, uzi baada ya uzi. Na katika bonde la Kilombero bega halina likizo: jembe wakati wa kulima, kuwarushia ndege mpunga unapokomaa, kisha kuupura, kisha mchi na kinu. Wazee wengi waliovuka miaka 60 wana kano zilizochanika nao hawana habari, kwa kuwa haziwaumi.

Kwa hiyo swali kubwa ni namna kano ilivyochanika. Mzee aliyeteleza akaanguka, jana akiinua mkono na leo hawezi, asicheleweshwe. Kano iliyokatika hujivuta nyuma, na msuli wake hugeuka mafuta kadiri miezi inavyopita. Ikishonwa baadaye haishiki vyema. Katika hali hiyo ningekuwa upande wa wanawe.

Bega la mama huyu ni la aina ya pili, lililochakaa taratibu, nalo dawa yake ya kwanza ni mazoezi. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2014 matokeo ya mabega 180 ya watu waliozidi miaka 55, wenye mchaniko mdogo usiotokana na ajali. Baada ya mwaka mmoja, walioshonwa hawakuwa na nafuu iliyowazidi waliofanya mazoezi peke yake.

Upasuaji wenyewe ni neema kwa anayeustahili. Kano hurudishwa kwenye mfupa kwa nyuzi na vishikizo vidogo, mara nyingi kupitia matundu machache na kamera. Lakini mkono hufungwa wiki 4 hadi 6, na jembe husubiri nusu mwaka au zaidi. Kano ya mzee huweza kuchanika tena, hasa akiwa na kisukari au akivuta sigara. Mchaniko mkubwa wa siku nyingi haushoneki. Baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo huwekewa kiungo bandia kilichogeuzwa, tufe likikaa palipokuwa na kikombe, njia aliyoianzisha Mfaransa Paul Grammont mwaka 1985.

Na katika wiki hizo za mkono kufungwa, nani atamtawadhisha mama, amvishe na kumsuka? Mara nyingi ni mke wa mwana, nami sijasikia kikao cha ukoo kilichoanza kwa kumwuliza yeye. Sala isimtie mama wasiwasi: mwenye udhuru huinua mkono kadiri awezavyo, na asiyeweza hana lawama.

Ushauri wetu kwa kijana huyu ni kwamba mpunga usiuzwe bado. Ulizieni fiziotherapia hapo hapo Ifakara, katika Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis, kabla ya kukata tiketi ya basi. Mazoezi yafanywe kila siku nyumbani kwa miezi mitatu, na mchi ukabidhiwe mwingine. Bega lisiachwe bila kutikiswa kabisa, maana huganda. Wala lisichuliwe kwa nguvu. Sindano ya kutuliza uvimbe huleta nafuu ya wiki kadhaa, lakini ikirudiwa rudiwa huidhoofisha kano.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, mpelekeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Chukueni picha zote alizopigwa, na mumwulize daktari mambo mawili: mchaniko una ukubwa gani, na msuli bado ni mzima? Picha ya eksirei huonyesha mifupa tu; hali ya kano na msuli huonekana kwa altrasaundi au MRI. Akijibu kuwa unashoneka, mpunga utakuwa bado upo ghalani.