Nani atasikiliza siri za mwanafunzi wa Gede?

MKASA wa msitu wa Shakahola, uliofichuliwa Aprili 2023, uliacha Kaunti ya Kilifi na kidonda ambacho hakijapona. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto wengi.

Washauri nasaha walipelekwa Malindi kuzihudumia familia zilizoathirika. Hata hivyo, huduma za dharura zina mwisho, ilhali huzuni ya mtoto humfuata hadi darasani.

Gede, mji ulio kusini mwa Malindi, haukuwa kitovu cha mkasa huo. Lakini mwanafunzi wa huko naye ana yake: njaa ukame unapozidi, ujauzito wa mapema, au mzazi aliyekwenda mbali kutafuta riziki.

Kisheria, taifa limepiga hatua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu inayomtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Mnamo 2022, sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Kasoro ingali shuleni. Aghalabu mshauri wa wanafunzi ni mwalimu mwenye vipindi vyake vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha na zamu ya kusimamia nidhamu. Muda wa kusikiliza hana.

Uhaba wa muda ni nusu tu ya tatizo. Mtoto atamwelezaje kwamba hulala akilia, ilhali ndiye atakayemhoji kesho kwa kuchelewa, au kumwita mzazi ambaye huenda ndiye chanzo cha machozi hayo?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wataalamu wa maradhi hayo nchini ni wachache mno kuweza kufika kila shule.

Ipo njia nyingine. Utafiti uliochapishwa 2021, uliohusisha wanafunzi 413 wa shule za sekondari jijini Nairobi na Kiambu, ulionyesha kuwa vijana wasio madaktari, wakipewa mafunzo mafupi, wanaweza kupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa vikao vinne vya makundi.

Gede haikosi vijana waliomaliza kidato cha nne na wanaozungumza Kigiriama na Kiswahili. Wakifunzwa, wakalipwa posho na kusimamiwa na wahudumu wa afya, watakuwa sikio lisiloshika fimbo. Visa vizito vitapelekwa hospitali.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwanafunzi huyu hafichi kwa kupenda. Hajapata wa kumwambia. Bajeti ya elimu na ya afya zisipompa mtu huyo, kilio kitatangulia.