Si Kila Cheupe ni Maziwa

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Thika, tuligawiwa maziwa ya Nyayo, mpango ulioanzishwa na serikali ya Rais Moi mwaka wa 1979. Mwenzangu wa dawati moja alizoea kunipa pakiti yake kisirisiri. Siku alipofumaniwa, mwalimu alimlazimisha kuimaliza mbele ya darasa. Muda si muda akawa anakimbilia msalani, nasi tukamcheka. Leo naona haya.

Mtoto yule hakuwa mkaidi. Maziwa ya ng'ombe yana sukari iitwayo laktosi, ambayo haisagiki tumboni bila kimeng'enya cha laktasi. Kwa takribani theluthi mbili ya wanadamu, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utotoni. Sukari hiyo hufika katika utumbo mpana na kuchachuka, na baadhi ya watu hujaa gesi na kuharisha. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba wengi katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania wamerithi badiliko la kijeni linalowawezesha kunywa maziwa hata utu uzimani. Kuyahimili maziwa, basi, ni urithi wa baadhi yetu, wala si kipimo cha adabu.

Hata hivyo, kutoka Ruiru, kwenye kiwanda kikubwa cha Brookside, hadi Thika, mgeni hukaribishwa kwa chai ya maziwa. Anayeomba turungi huonekana mwenye maringo. Afanyeje? Wengi huweza maziwa lala, kwa kuwa bakteria wa kuyagandisha huwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Wengine hugeukia vinywaji vya soya, nazi au makadamia, zao linalosindikwa papo hapo Thika.

Hapa ndipo somo langu la isimu linapoingia. Vinywaji hivi twaviita "maziwa". Mwaka wa 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea, isipokuwa chache zilizozoeleka, zisiuzwe kwa jina hilo. Kiswahili kilikwisha kuamua zamani. Maziwa ni wingi wa ziwa, yaani titi. Kinachokamuliwa kutoka kwa nazi ni tui. Mbona basi tusiseme tui la soya na tui la makadamia?

Huu si ubishi wa maneno matupu. Mzazi anayesikia "maziwa" hudhani lishe ni ile ile. Soya ina protini ya kutosha, lakini tui la nazi na la makadamia lina protini haba, na yote huwa na kalsiamu kidogo isipoongezwa kiwandani. Anayeacha maziwa aitafute kalsiamu katika omena na sukuma wiki. Tena, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe tui badala ya maziwa ya mama.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akikataa kikombe cha maziwa, tumwulize kwanza tumbo lake lasemaje. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.