CHEMA HAKIJIUZI CHENYEWE

Kwa miongo kadhaa sasa umezuka duniani msafara wa watu ambao hawafungi safari kwenda kutazama wanyama wala kuota jua ufukweni, bali kwenda kuonja mvinyo pale pale unapotengenezwa. Msafiri wa namna hiyo hupita kati ya mizabibu, huingia ghalani penye mapipa, humsikiliza mkulima akieleza habari za udongo na mvua za mwaka, huonja kidogo kutoka bilauri hii na ile, kisha huondoka na chupa mbili tatu mkononi. Nauli, chakula, malazi na bei ya chupa hizo, sehemu kubwa ya fedha yote hiyo hubaki kijijini.

Msomaji wetu wa Singida ana haki ya kuuliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Jibu letu ni kwamba yanatuhusu sana. Jirani yetu Dodoma, kilomita zipatazo 240 tu kutoka mjini kwetu, ndiye mlimaji mkuu wa zabibu za mvinyo katika nchi hii. Nasi wenyewe tunayo asali, ambayo kwa tabia yake haitofautiani na mvinyo: ladha yake hutokana na mahali ilipotoka. Kwa hiyo yaliyompata jirani ni somo kwetu, na yaliyofanywa na wengine mbali ni somo kwetu sote wawili.

Tuanze na hao wa mbali. Ni kosa kudhani kwamba safari za kuonja mvinyo zilibuniwa na matajiri waliokosa la kufanya. Ujerumani ilifungua barabara yake maarufu ya mvinyo mwaka 1935 kwa sababu ya dhiki. Mavuno ya miaka miwili mfululizo yalikuwa makubwa kupita kiasi, na wafanyabiashara wa Kiyahudi, waliokuwa nguzo ya soko hilo, walikuwa wamekwisha anza kufukuzwa na utawala wa Hitler. Mvinyo ulikosa wanunuzi, ikaamuliwa kwamba kama mvinyo hauwafikii watu, basi watu waufuate mvinyo. Wafaransa wa Alsace walifungua barabara yao mwaka 1953. Mwaka 1971 wakulima wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walifuata mfano huo, baada ya mmoja wao, Frans Malan, kuona jinsi mambo yalivyokuwa yakiendeshwa Ufaransa. Leo njia hiyo ya Stellenbosch ni miongoni mwa vivutio vikubwa vya Rasi ya Magharibi.

Wala asiseme mtu kwamba sifa hizo ni urithi wa mataifa ya kale peke yake. Mwezi Mei mwaka 1976, mjini Paris, waonjaji mashuhuri wa Kifaransa walipewa bilauri zisizo na majina, wakaweka mvinyo wa California juu ya mvinyo wa kwao, mwekundu na mweupe pia. Bonde la Napa, ambalo wengi walikuwa hawalijui, likawa mahali pa kuhijiwa na wapenda mvinyo wa dunia nzima.

Sasa tumtazame jirani. Zabibu za Dodoma zilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia katika karne iliyopita, zikaenea Bihawana, Mpunguzi, Hombolo na kwingineko. Ardhi ile ina neema ambayo Ulaya haina: mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na mbegu nyekundu ya zabibu imeitwa kwa jina la mahali hapo. Lakini kiwanda cha umma cha DOWICO, ambacho mvinyo wake ulijulikana nchini kote, kilidorora na kufa, na wakulima wengi wakakata tamaa. Viwanda vya watu binafsi vilivyofuata vimeufufua ulimaji, ila kilio cha mkulima hakijabadilika sana. Zabibu zikiiva hazingoji. Mnunuzi akichelewa siku chache zinaoza, na mwenye shamba hulazimika kukubali bei yoyote. Baadhi yao wamejaribu kujiokoa kwa kukamua wenyewe na kuuza kile kiitwacho mchuzi wa zabibu, lakini nao huenda katika matangi na madumu hadi kwa wenye viwanda. Mnywaji wa Dar es Salaam au Arusha hapati kujua kwamba alichokunywa kilitoka Hombolo au Mpunguzi, wala ni nani aliyekilima.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, penye kiini cha jambo. Mkulima wa Alsace na mkulima wa Hombolo wote wanalima zabibu. Tofauti ni kwamba wa kwanza anauza jina la mahali pake pamoja na kinywaji, na wa pili anauza kilo. Wafaransa walilijua hilo mapema, na mwaka 1935 waliweka chombo cha kitaifa cha kulinda majina ya mahali, ili mtu asiite mvinyo wake kwa jina la kijiji ambacho haukutoka. Anayeuza kilo hushindana na kila mwenye kilo duniani. Anayeuza mahali hushindana na wachache.

Je, sisi wa Singida tu bora kuliko jirani? Hatuoni hivyo. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Ethiopia, kwa wingi wa asali, na misitu ya Manyoni na Itigi ni miongoni mwa inayoipa nchi sifa hiyo. Vichaka vya Itigi ni vya aina yake, havipatikani duniani isipokuwa huko na katika eneo dogo la Zambia. Asali ya huko haiwezi kufanana na ya misitu ya miombo, wala asali ya msimu huu na ya msimu ujao. Hayo hasa ndiyo ambayo muonjaji husafiri maelfu ya kilomita kuyatafuta. Lakini sisi asali yetu tunaiuzaje? Kwenye vituo vya mabasi yaendayo Mwanza na Bukoba, kijana hukimbilia dirishani na chupa iliyotumika, haina jina la kijiji wala la mrinaji, na abiria hununua kwa mashaka akijiuliza kama haikuchanganywa na sukari. Iliyobaki huondoka kwa ndoo, ikapewa jina mbele ya safari na mtu mwingine.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote kwao, methali hiyo imetulaza usingizi. Chema kisicho na jina hakijiuzi. Huuzwa na mwingine, kwa faida ya mwingine.

Tazameni Waethiopia. Kinywaji chao cha asali kiitwacho tej kinajulikana na kila mgeni anayefika Addis Ababa, nacho kina nyumba zake na vyombo vyake vya kioo. Sisi tuna wanzuki, ndugu wa damu wa tej, lakini hatujamtoa kilabuni. Hatusemi mgeni apelekwe akanywe chochote katika hali yoyote. Tunasema kinywaji kilichotengenezwa kwa usafi, kikapimwa na kufungwa vizuri, kina haki ya kuonekana mezani.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Huko huko Rasi ya Magharibi kunakosifiwa kwa mizabibu, kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Desturi hiyo ilipigwa marufuku, lakini madhara yake hayajaisha: eneo hilo lina idadi ya watoto waliodhurika tumboni kwa ulevi wa mama zao iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Utalii wa kuonja ambao mgeni anaonja na kijiji kinalewa hatuutaki. Kwa bahati njema, asali inatupa njia iliyo pana zaidi. Wengi wetu hawanywi pombe, kwa imani au kwa hiari yao, na wengi wao hawazuiwi na dini zao kuonja asali tano za misitu mitano na kuambiwa habari za nyuki wake.

Wakati wa kuanza ni sasa. Tangu mwaka 2024 treni ya kisasa humfikisha msafiri Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa nne. Akiisha kuonja mvinyo wa Hombolo na kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, nini kitamvuta aendelee hadi Manyoni na Singida, penye maziwa ya Singidani na Kindai? Kwa sasa hakipo cha kumvuta.

Maoni yetu ni haya. Halmashauri za Manyoni, Itigi na Singida zishirikiane na vyama vya ushirika vya wafuga nyuki kujenga nyumba moja ya kuonjea kando ya barabara kuu, yenye asali ya kila kijiji kwa jina lake na bei yake. Maofisa nyuki wasimamie upimaji, ili jina la Singida lisiharibiwe na mchanganyaji mmoja. Warinaji wenyewe wawe wenye mali, wasigeuzwe mapambo ya kupigwa picha na wageni. Na viongozi wa mikoa hii miwili wakae meza moja wapange njia moja ya msafiri, kuanzia mzabibu hadi mzinga.

Yote hayo hayahitaji mtaji wa kigeni. Yanahitaji kwanza tukubali kwamba ndoo isiyo na jina ndiyo inayotufukarisha.