Barua ya Eastlands: Kiwanja Chako na Njia ya Nyumbu

Katika mitaa yetu ya Kaloleni, Maringo, Jericho na Umoja, mwisho wa mwezi hauishi bila mazungumzo ya viwanja. Karani na fundi, mwalimu na mwuza mboga, kila mmoja hudunduliza akiba yake katika chama ili siku moja apate kiwanja huko Kitengela au Isinya. Jambo hilo ni jema, maana mpangaji hulipa miaka mingi na asiachie watoto wake hata tofali moja. Lakini yafaa tujue kwamba nchi ile tunayoipima kwa kamba na vigingi ni malisho ya wafugaji wa Kimaasai, na tena ni njia ya wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi.

Mbuga hii ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu. Kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua. Kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, imebaki wazi. Upande huo wazi ndio uhai wake. Mvua zinyeshapo, nyumbu na punda milia hutoka kwenda kula majani mafupi na kuzaa katika uwanda wa Athi na Kaputiei. Kiangazi kikija, hurudi mbugani penye maji yasiyokauka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda ule walikuwa zaidi ya 20,000. Kufikia mwaka 2011 hawakufika 5,000. Nyumba, seng'enge, machimbo ya mawe, ukame na wawindaji haramu vimewapunguza, na njia zao nyingi zimekatwa.

Huenda msomaji akauliza, "Je, si afadhali wachache waliosalia wafungiwe pande zote, walindwe na askari?" Swali hili mfugaji atalijibu upesi kuliko karani. Yeye ajua ya kuwa mbuzi wakipandwa na beberu yule yule mwaka hata mwaka, baba kwa binti na ndugu kwa dada, watoto huzaliwa dhaifu, na wengine hawashiki mimba. Kwa hiyo hutafuta beberu wa boma lingine.

Sababu yake ni hii. Kila mnyama hurithi nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Jeni nyingine zina kasoro, lakini mara nyingi kasoro hiyo hufichika ikiwa ile iliyotoka kwa mzazi wa pili ni nzima. Wazazi wakiwa wa nasaba moja, yamkini wote wawili wanayo kasoro ile ile. Mtoto akiipata kwa pande zote mbili, ndipo huonekana. Tena kundi lenye jeni za namna nyingi likiingiliwa na ugonjwa mpya, huenda baadhi wakastahimili. Lakini kundi la namna moja laweza kuangamia pamoja.

Mfano wake uko kwa jirani zetu Tanzania. Mwaka 1962 inzi wauma damu walizidi mno katika Bonde la Ngorongoro, na simba wa humo, waliokuwa makumi, wakabaki wapatao 10. Madume saba waliingia kutoka nje miaka miwili mitatu baadaye, kisha kwa muda mrefu wageni hawakuongezeka. Wataalamu walipowachunguza katika miaka ya 1980, waliona kwamba simba wote wa bondeni walitokana na wazazi wapatao 15, na kwamba mbegu za madume zilikuwa na kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti. Kwa macho walikuwa simba wazuri wenye manyoya. Udhaifu ulikuwa ndani ya damu.

Hata kwa nyumbu imethibitika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulilinganisha jeni za nyumbu wanaohama na za wale wasiohama. Wasiohama walionekana kuwa na jeni za namna chache, na alama nyingi zaidi za kuzaliana ndugu kwa ndugu.

Wako wasemao kwamba damu mpya yaweza kuletwa kwa lori. Ni kweli, vifaru weusi huhamishwa hivyo. Lakini kazi hiyo ni ya gharama na ya hatari. Mwaka 2018 vifaru 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, wakafa wote. Nyumbu mwenye njia hujipeleka mwenyewe bila dereva wala daktari.

Wala tusimlaumu mwenye ardhi. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kula mbuzi wa watu, na mbuzi ndiye karo ya mtoto. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka wasiizungushie ua wala kuiuza. Fedha hizo ni kidogo mbele ya bei ya kiwanja. Basi mnunuzi naye ana sehemu yake ya wajibu, na mnunuzi ni sisi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa vyama vya akiba, kabla ya kutoa fedha ulizeni katika ofisi ya ardhi ya Kaunti ya Kajiado kama mahali hapo pametengwa kwa makazi au kwa malisho. Chagueni viwanja vilivyo karibu na mji na barabara. Na aliyekwisha kununua mbali, ikiwa hajengi mwaka huu, asiharakishe kufunga seng'enge kwenye nyasi tupu. Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo ua mmoja mmoja huufunga uwanda mzima, na siku ukifungika, mbuga yetu itakuwa zizi lenye beberu mmoja.