Siwa haikuzaliwa gizani

Siwa ya Pate ni baragumu la pembe ya ndovu lililochongwa nakshi, refu kupita mita 2. Anayesimama mbele yake katika Makumbusho ya Lamu haulizi ukubwa wake, maana imemzidi kimo. Iweke kwenye skrini ya simu, juu ya usuli mweusi mtupu, na kijana wa Mbeya au Kisumu atadhani ni filimbi.

Weusi huo umekuwa mtindo wa makumbusho mengi ya mtandaoni. Kitu kinaelea, kinazungushwa kwa kidole, basi. Wanaoutetea husema unakiacha kitu kijieleze chenyewe. Sivyo hata kidogo. Unakipokonya kimo chake, ukuta wake na watu waliokishika. Usuli wa kabati la mtandaoni unastahili uangalifu uleule unaotumika kukipiga picha kitu chenyewe.

Mafundi wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa vidaka, safu juu ya safu, vilivyochongwa kwenye plasta ya chokaa. Humo ndimo yalimopangwa mabakuli na sahani za kaure kutoka China. Bakuli jeupe lenye maua ya buluu lingepotea kwenye ukuta mweupe, lakini kidaka kimezama ndani ya ukuta, kivuli kinatulia nyuma ya bakuli, na ukingo wake unajitokeza. Msanifu wa usuli wa leo ana somo zima hapo: mwanga utoke upande mmoja, weupe wa chokaa upunguzwe, na nakshi za ukuta zififie kuliko maua ya bakuli, la sivyo jicho litahangaika.

Hata hivyo, si kila kaure ya pwani ni ya kidakani. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, vyombo vya namna hiyo vilipachikwa kwenye makaburi ya nguzo. Kumwonyesha mtazamaji chombo cha kaburini ndani ya kidaka cha nyumbani ni kumdanganya, hata kama picha inapendeza. Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, msanifu aulize kitu kilitoka wapi hasa.

Wapo waliokwenda kujionea. Jumba la Wanyama wa Afrika katika American Museum of Natural History, New York, lilifunguliwa mwaka 1936. Miaka 10 kabla, Carl Akeley, aliyelibuni jumba hilo, alikuja Afrika Mashariki na wachoraji, akiwemo William R. Leigh, ili wachore nyika, mimea na anga papo hapo. Akeley alifia Kongo katika safari hiyo, kwenye Mlima Mikeno, na mandhari ya milima ile ndiyo iliyo nyuma ya magorila ndani ya kabati lao la maonyesho. Ukuta wa nyuma wa makabati ya jumba hilo umepindwa, hauna pembe, hivyo mtazamaji haoni anga inapoishia. Kazi ya mkono na rangi, na bado inaizidi mengi ya yanayotoka kwenye kompyuta.

Weusi au kijivu kitupu kina mahali pake. Mtafiti anayepima fuvu la kale anahitaji kuona mfupa tu, bila pambo. Mwanafunzi anayekutana na siwa kwa mara ya kwanza anahitaji zaidi: angalau umbo la mtu limesimama kando yake.

Na pale msanifu anapokisia, aseme. Hati ya London, iliyoanza mwaka 2006, inawataka wanaotengeneza taswira za kompyuta za mambo ya kale watenganishe ushahidi na makisio. Alama ndogo pembeni ya skrini inatosha: ukuta huu umepigwa picha Lamu, pazia hili limekisiwa. Makumbusho yanayotangaza zabuni za maonyesho ya mtandaoni yaandike sharti hilo ndani ya mkataba, na yatenge nauli ya msanifu kwenda kuuona ukuta wenyewe.