Maji Hayapigwi, Husukumwa

Shahada ya juu kabisa katika vyuo vyetu tumeiita shahada ya uzamifu, kana kwamba kila aliyetunukiwa amefika kilindini. Mimi ninayo. Hata hivyo, nilipojiandikisha kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa huko Watamu, nilitambua kuwa uzamifu wangu ulikuwa wa nchi kavu.

Kosa la kwanza nililitenda dukani. Nilinunua mapezi ya miguuni yaliyokuwa marefu na magumu kupindukia, nikidhani kuwa ukubwa ndio kasi. Majini, misuli ya mashavu ya miguu ilikaza, hewa yangu ikaisha kabla ya hewa ya wenzangu, na teke langu moja likavunja tawi la tumbawe. Niliona haya. Matumbawe ni viumbe hai, na aina nyingine hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1968, na matumbawe ya pwani yetu yaliangamia kwa wingi bahari ilipopata joto kupita kiasi mwaka 1998. Hayahitaji adui mwingine, sembuse daktari wa isimu.

Mkufunzi wangu, mzee mwenyeji wa pwani, hakunikemea. Aliniambia tu: "Mwalimu, maji hayapigwi, husukumwa."

Kauli hiyo ilinigusa kitaaluma. Kitenzi "piga" tumekitwika mizigo mingi: twapiga simu, twapiga pasi, twapiga magoti, wala hapana anayeumia. Lakini mwanafunzi akiambiwa "piga miguu", mwili wake husikia maana ya asili, naye huyachapa maji kwa magoti kama apandaye baiskeli. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ukishindana nayo utashindwa. Tena, katika kina cha mita 10 kila pumzi hutumia hewa ya mtungini maradufu ya ile itumikayo juu. Kwa hiyo teke la ovyo lina gharama.

Teke jema huanzia kwenye nyonga. Paja ndilo liongozalo, goti hulegea kidogo tu, nacho kifundo hunyooka. Mwendo uwe wa taratibu, kisha utulie na kuacha mwili uteleze. Ukikaribia sakafu ya bahari, fuata mwendo wa chura: kunja magoti, inua mapezi nyuma yako, kisha sukuma maji kwa nyayo kuelekea nyuma. Hivyo hutatifua mchanga wala kugusa matumbawe.

Na mapezi je? Yachague kwa mguu, si kwa macho. Yasibane vidole, wala kisigino kisichezecheze. Yanayofunika kisigino huvaliwa miguu mitupu na yanafaa katika bahari yetu yenye joto. Yenye ukanda nyuma huvaliwa juu ya viatu vya mpira, nayo humfaa apitaye kwenye miamba. Aanzaye achague pezi linalopindika kwa wastani. Pezi gumu lahitaji miguu iliyokwisha kuzoea.

Walimu wenzangu, tunalo la kujifunza hapa. Mara nyingi twanunua vifaa kwanza, kisha twangoja ujuzi uje wenyewe. Tena twatoa maagizo kwa maneno ya mazoea bila kujiuliza mwanafunzi anasikia nini. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kufundishia ufundi wa baharini. Upungufu ni wetu sisi tusioyapima. Mzee yule alibadilisha kitenzi kimoja tu, nami nikaogelea. Lile tawi nililolivunja, hata hivyo, halikurudi mahali pake.