Siku ya Pili Isifutwe

Wenzangu wasomaji, na ninyi mliotutangulia katika shule hii, naomba nafasi niseme neno juu ya safari yetu ya Mlima Elgon. Chama chetu cha wapanda mlima kimeletewa shauri kwamba safari ya mwaka huu iwe ya siku tatu badala ya nne, na siku itakayoondolewa ni ya pili, ile ambayo wengine huiita "siku ya uvivu." Hoja ya wenye shauri hilo si ya kipuuzi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, wapagazi hulipwa kwa siku, na posho na maharage huliwa kwa siku. Fedha zitakazosalia zingetosha kuwachukua wavulana wawili zaidi. Hata hivyo mimi nalipinga.

Yafaa kwanza nieleze njia yenyewe, maana wengi wetu hapa Tiira tunaujua mlima kwa kuutazama tu, asubuhi baada ya mvua, ulipojinyosha upande wa kaskazini kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Njia ya Sasa huanzia Budadiri, mbele ya Mbale, kiasi cha mita 1,250 juu ya bahari. Siku ya kwanza hupita katikati ya migomba na mibuni ya Wagisu, nyumba baada ya nyumba, mpaka kwenye magenge ya Mudangi ambayo hupandwa kwa ngazi. Baada ya hapo ni msitu, kisha mianzi, na jioni watu hulala kambi ya mto Sasa, mita 2,900. Miguu imekwisha kupanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, na atakayesema hakuchoka mwulizeni alikuwa amebeba nini. Siku ya pili ni mwendo wa saa nne au tano tu hadi kambi ya pango la Mude, mita 3,500. Siku ya tatu ni kilele cha Wagagai, mita 4,321, na kurudi Mude. Siku ya nne ni kushuka.

Basi wanaotaka kufuta siku ya pili wanataka tuondoke Sasa usiku, tufike Wagagai, na turudi Mude jioni ile ile. Hiyo ni kupanda mita 1,400 na zaidi mahali ambapo hewa ni nyembamba. Pale Mude kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu angeivuta Mombasa ufukoni, na kileleni ni kiasi cha sehemu tatu kwa tano. Mwili waweza kuzoea hali hiyo, lakini huzoea kwa kulala usiku, si kwa kukaza meno. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akipita mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku moja. Sisi hata kwa siku nne tunaipita kidogo kanuni hiyo. Asiyeijali huanza kuumwa kichwa, kisha chakula humchukiza, usingizi humpotea. Na ugonjwa ukizidi, maji hujaa katika mapafu au ubongo huvimba, na hapo hapana dawa bora kuliko kumshusha mgonjwa upesi. Na si kweli kwamba ni ugonjwa wa wanyonge. Mchezaji hodari wa mpira huweza kuupata sawasawa na yule asiyeweza kukimbia kutoka bweni hadi chumba cha kulia. Pengine hodari ndiye mwenye hatari zaidi, kwa kuwa yeye huona haya kusema kichwa kinamwuma.

Nimesikia pia kwamba siku nyepesi ni mambo ya watalii. Basi na tuwaangalie hao watalii. Huko Ulaya kuna njia mashuhuri inayouzunguka mlima Mont Blanc, kilometa 170 hivi, kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, na watu huitembea kwa muda wa siku kumi au kumi na moja, wakilala vijijini na katika nyumba za wasafiri. Ndani yake mna siku moja inayojulikana kwa wepesi: hutoka kijiji cha La Fouly, hufuata bonde, hupita Praz-de-Fort na Issert, hufika Champex penye ziwa dogo. Wasafiri huiona kuwa mapumziko ya miguu, wala hakuna anayewacheka. Tena angalieni jambo hili: njia ile yote haifiki mita 2,700. Yaani kambi yetu ya Sasa, usiku wa kwanza, iko juu kuliko mahali pao pa juu kabisa! Na hapa karibu, Kilimanjaro, wengi wapitao njia ya Marangu huongeza siku nzima ya kukaa Horombo, mita 3,720, ili wazoee kabla ya kuendelea. Sisi tunataka kuwa mabingwa kuliko hao wote kwa sababu ya senti.

Lakini hata kama hewa isingekuwa na neno, ningeitetea siku hiyo. Mwaka jana siku ya kwanza sikuona kitu ila visigino vya aliyenitangulia. Siku ya tatu tuliamka gizani, tukafika kileleni, tukapigwa picha, tukashuka kwa baridi. Mlima wenyewe tuliuona siku ya pili. Mianzi iliisha, uwanda ukafunguka, na hapo ikasimama ile miti ya senesio mirefu kuliko mtu, imevaa majani yake makavu kiunoni kama koti. Kiongozi wetu alituambia kwamba majani hayo hayaanguki, ndiyo blanketi la shina wakati wa baridi kali ya usiku. Tulikuwa na nafasi ya kusimama na kuyashika. Darasani tulikuwa tumesoma habari za mimea kujilinda na hali ya nchi, na nakiri kwamba zilikuwa zimetupita kama upepo.

Tena siku hiyo ndiyo tuliyozungumza na wapagazi. Tulifika Mude mchana, jua lingaliko, sufuria ikawekwa motoni. Mmoja wao, mzee wa makamo, alitueleza jinsi malewa yanavyotengenezwa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kisha mazungumzo yakaingia katika maporomoko ya Nametsi, kule Bududa, ya tarehe 1 Machi 2010, yaliyofukia kijiji na mamia ya watu. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini watu waliohamishiwa Kiryandongo wengine walirudi mlimani. Mzee hakukasirika. Alisema udongo wa huku hulisha, na makaburi ya baba zao yako huku, na kule tambarare mtu hajui mvua itakuja lini. Kwetu Tiira tunao watu wanaoshuka mashimoni kutafuta dhahabu wakijua vizuri kwamba shimo laweza kuwaangukia, kwa hiyo tulimwelewa kuliko tulivyotazamia. Mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiki mtu anapohema.

Sasa nije kwenye fedha, maana wale wavulana wawili ni watu, si hesabu tu, na mmoja wao najua amengoja nafasi hii tangu kidato cha kwanza. Ikiwa kweli hatuwezi kulipia siku nne, mimi nasema tufute kilele. Siku ya kwanza Sasa, siku ya pili Mude, siku ya tatu tushuke Budadiri kama ambavyo safari ya siku nne hushuka. Gharama ni ile ile ya siku tatu, wavulana wawili wanakwenda, na hakuna anayekimbizwa juu kabla ya damu yake kuwa tayari. Hatutakuwa na picha ya Wagagai ya kuweka katika gazeti hili. Najua hilo litawauma wengine, nami pia, kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa mwisho. Na ninyi wanafunzi wa zamani, ambao kila mwaka mwatuuliza kwanza kama tulifika kileleni, mngetusaidia sana kama mngeuliza na mengineyo.

Chama kitakutana Ijumaa baada ya chakula cha jioni. Nitaleta shauri langu limeandikwa pamoja na hesabu ya kila siku, posho, ada na wapagazi. Anayetaka siku ya pili ifutwe na alete yake, na atuambie pia nani atakayemshusha mgonjwa usiku kutoka Mude hadi Sasa, na kwa taa ya nani.